Kulala Kando ya Nile, Jirani na Maporomoko ya Kabalega

Katika kituo cha mabasi cha Kisenyi, hapa Kampala, makondakta huanza kunadi majina ya miji kabla jua halijachomoza. Abiria hupanda na magunia yao, madebe yao na watoto wao. Huyu aenda mazikoni, yule arudi kambini baada ya likizo, na mwingine apeleka nyumbani unga aliousagisha katika vinu vya hapo hapo Kisenyi. Ni nadra sana kumwona mtu aliyepanda basi kwa nia ya kwenda kuyatazama Maporomoko ya Kabalega na kulala usiku mmoja au miwili kando ya mto. Ukimwuliza mwananchi sababu, atakujibu mara moja kwamba mambo hayo ni ya watalii, yaani Wazungu wenye kamera shingoni.

Jibu hilo lina ukweli kidogo, hasa kwa upande wa gharama, nami nitalirudia suala la gharama hapo baadaye. Hata hivyo lina hasara mbili. Ya kwanza ni kwamba linamnyima mwananchi kitu chake mwenyewe. Ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, ni kwamba kitu kisichotembelewa na wenyewe hukosa mtetezi siku kinapotakiwa kwa kazi nyingine. Na maporomoko ya maji, ndugu msomaji, yanaweza kufa. Sisi katika Uganda tumekwisha yaona yakifa.

Maporomoko yaliyozama

Mnamo mwaka 1954 lilipofunguliwa bwawa la Owen Falls huko Jinja, Maporomoko ya Ripon yalizama. Hayo ndiyo yale ambayo msafiri John Hanning Speke aliyafikia mwaka 1862 na kutangaza kuwa hapo ndipo Nile inapotoka katika Ziwa Victoria. Maporomoko ya Owen yenyewe, yaliyolipa bwawa jina lake, nayo yakatoweka. Leo mtoto wa shule akipelekwa Jinja huonyeshwa maji yaliyotulia, akaambiwa kwamba palikuwa na maporomoko hapa. Hana la kufanya ila kuamini.

Kisha ikaja zamu ya Bujagali. Mahali hapo Wasoga walipaheshimu tangu kale kuwa ni makao ya mzimu wa Budhagaali. Aidha ndipo vijana hodari wa Jinja walipokuwa wakijitosa katika mapovu wakiwa wamekumbatia dumu tupu, ili wageni wastaajabu na kuwapa shilingi. Mwaka 2011 maji ya bwawa jipya yalipanda yakayafunika maporomoko hayo, na mwaka 2012 kituo cha umeme chenye nguvu ya megawati 250 kikazinduliwa.

Mwezi Juni 2019 ilitolewa ilani ya kwamba kampuni ya Bonang Power and Energy, ya Afrika Kusini, iliomba kibali kwa ajili ya kituo cha megawati 360 karibu na Maporomoko ya Kabalega. Waongozaji wa watalii, wenye hoteli na wananchi wa kawaida walipiga kelele nyingi. Mwezi Agosti ikatangazwa kwamba Baraza la Mawaziri limelikataa jambo hilo. Lakini kabla ya mwaka kwisha likarudi kwa mlango mwingine, ikasemwa kwamba uchunguzi wa kitaalamu ungefanywa kwanza. Maporomoko yangali yapo, na maji yangali yanaanguka.

Isidhaniwe kwamba naulaumu umeme. Mkaaji wa Kisenyi ndiye wa mwisho anayestahili kufanya hivyo, kwa kuwa vinu vinavyotusagia mahindi huzungushwa na maji ya mto uo huo. Karuma, juu kidogo ya hifadhi hiyo hiyo, kimejengwa kituo cha megawati 600 ambacho kilizinduliwa rasmi mwezi Septemba 2024. Nchi yahitaji nguvu hizo. Ninachosema ni kwamba tumekwisha toa maporomoko ya Jinja yote, na haya ya Kabalega ndiyo makubwa tuliyobakiza. Yafaa mwananchi ayaone kwa macho yake kabla hajaulizwa maoni yake.

Jina lenye ugomvi

Nasema Kabalega kwa makusudi, nikijua kwamba kibao cha langoni kimeandikwa Murchison. Mwingereza Samuel Baker alifika hapo mwaka 1864 pamoja na mkewe, akayapa maporomoko jina la Sir Roderick Murchison, rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia huko London, bwana ambaye hakupata kuyaona kamwe. Katika miaka ya 1970 serikali ya Idi Amin iliyaita kwa jina la Omukama Kabalega wa Bunyoro. Serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1979, jina la zamani likarudi.

Kabalega mwenyewe alipigana na Waingereza kwa miaka mingi katika nchi hiyo hiyo ya misitu na mito, hata akakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa visiwa vya Shelisheli. Alipopewa ruhusa ya kurejea, hakuwahi kufika kwao; alifariki dunia mwaka 1923 mahali paitwapo Mpumudde, Jinja, si mbali na mto uleule. Msomaji achague jina apendalo. Mimi nimekwisha chagua.

Ama kwa habari ya maporomoko yenyewe, ajabu yake si urefu. Maji huanguka kiasi cha meta 43, na duniani yako maporomoko marefu kuliko hayo mara nyingi. Ajabu ni wembamba. Nile nzima, mto ambao penginepo hauoni vizuri mtu aliyesimama ng'ambo, hubanwa katika ufa wa mwamba wenye upana wa meta saba hivi. Chumba cha darasa la kawaida ni kipana kadiri hiyo. Maji hayatiririki hapo, hulipuka. Mwaka 1962 mafuriko makubwa yaliufanya mto ujikatie njia ya pili kando ya ule ufa, na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uhuru wetu, tawi hilo likaitwa Maporomoko ya Uhuru. Ukisimama kwenye kilima mkabala, huona yote mawili kwa pamoja, la kale na la uhuru, yakishuka katika bonde moja.

Hoteli na bunduki

Safari ya kwenda huko hupitia Bombo, Luweero na Nakasongola, barabara ambayo askari wengi wanaosoma gazeti hili waijua vizuri kuniliko. Baada ya mto Kafu utapinda kushoto hadi Masindi. Mji huo mdogo una hoteli iliyojengwa na shirika la reli mwaka 1923, inayohesabiwa kuwa ya kale kuliko zote nchini. Sababu ya kujengwa kwake ni kwamba abiria wa meli za Ziwa Kyoga walishuka Masindi Port, wakabebwa kwa magari kupitia mjini hapo hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, wakapanda meli nyingine. Mwandishi Ernest Hemingway alipitia njia hizo Januari 1954 kwa taabu kubwa. Ndege yake iligonga waya wa simu karibu na maporomoko, naye akaokolewa kwa mashua. Alipopanda ndege ya pili hapo Butiaba, nayo ikashika moto. Magazeti ya dunia yalikwisha tangaza kifo chake, akayasoma mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 1954 ilifunguliwa hoteli ya Paraa, upande wa kaskazini wa mto, miaka miwili baada ya hifadhi kutangazwa. Jina hilo, katika lugha ya Kiacholi, maana yake ni makao ya viboko. Baadaye zikafuata Chobe upande wa mashariki, na Pakuba upande wa magharibi, hii ya mwisho ikiwa ya zama za Amin. Siku hizo Uganda ilisifika kwa wageni kuliko nchi nyingi za jirani.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo gazeti la askari haliwezi kulikwepa. Katika miaka ya 1960 hifadhi hii ilikuwa na tembo zaidi ya 14,000. Kuanzia vita vya mwaka 1979, na katika machafuko yaliyofuata, watu wenye bunduki wa majeshi mbalimbali waliwageuza wanyama kuwa nyama na pembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tembo waliosalia walihesabiwa kwa mamia machache tu. Vifaru walimalizwa kabisa nchini kote. Paraa iliporwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena mwaka 1997. Pakuba haikufunguliwa tena. Magofu yake yangalipo, na wanaolala ndani ya vyumba vya mawaziri ni simba, chui na fisi.

Nayo habari njema ni hii: walioleta utulivu uliowarudisha wanyama ni askari vilevile. Askari wa hifadhi walio chini ya Mamlaka ya Wanyamapori, iliyoundwa mwaka 1996, hulala porini kwa majuma ili mtego wa waya usimnase mnyama. Jeshi lilisaidia kurejesha amani kaskazini, na Polisi wa Utalii wapo barabarani na hotelini. Tembo wamepita elfu moja tena, na twiga sasa ni wengi mno. Hata vifaru waweza kuwaona njiani, katika hifadhi ya Ziwa huko Nakasongola iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya kuwazalisha upya.

Nyumba isiyokula mto

Mwaka jana, wakati wa likizo ya shule, mimi, mke wangu na watoto wetu watatu tulilala usiku mbili katika nyumba ya wageni iliyoko kusini mwa mto. Sitaitaja kwa jina, maana ukurasa huu si wa matangazo. Ilikuwa na mabanda kumi hivi ya mbao na nyasi, na kibaraza kilichoelekea majini. Jioni viboko walikoroma chini yetu kama wazee waliokunywa pombe ya mtama.

Siku hizi kila hoteli ya porini husema kwamba inatunza mazingira. Hutundikwa kibao chenye jani la kijani, na mgeni hulipishwa zaidi kwa ajili ya jani hilo. Kwa maoni yangu, hoteli ichunguzwe kama mama mkwe anavyochunguza nyumba ya mkwewe: asitazame viti vya sebuleni, atazame jikoni, maji ya kuoga yanakwenda wapi, na takataka zinatupwa wapi.

Jambo la kwanza ni umbali kutoka ukingoni. Kanuni za nchi za mwaka 2000 zimeweka meta 100 za ukingo wa Nile kuwa eneo la kulindwa, nazo hupimwa kutoka pale maji yanapofikia yakijaa. Wako waliodhani kwamba kanuni hiyo ni ya kuwasumbua wenye fedha. Kisha mwaka 2020 Ziwa Victoria lilijaa kupita kiasi, mto ukavimba, gati za kivuko cha Paraa zikazama, na waliojenga karibu mno na maji wakajionea. Nyumba tuliyolala iko juu kwenye mteremko, na kati yake na mto miti ya asili haikukatwa. Kwa sababu hiyo mto unauona kwa vipande, katikati ya matawi. Mgeni mmoja alilalamika kwamba miti inamzuia kupiga picha. Mimi naona miti hiyo ndiyo iliyoshikilia nyumba.

Taa zote huwashwa kwa umeme wa jua, na maji ya kuoga hupashwa kwa jua hilo hilo. Anayechelewa kuoga huoga baridi, watoto wetu walilijua hilo siku ya kwanza. Saa nne za usiku taa za nje huzimwa. Hapo ndipo utakapotambua thamani ya kukosa jenereta, maana masikio husikia mto. Njiani tulikuwa tumepumzika kwenye hoteli nyingine yenye kibao kikubwa cha jani la kijani, na jenereta yake ilinguruma hata hatukuweza kusemezana. Nyuma ya jiko palikuwa na chupa za plastiki zisizo na idadi, na nyani wakizichezea.

Mke wangu, ambaye hukubali chakula cha ugenini baada tu ya kulikagua jiko, aliomba ruhusa ya kuingia. Mpishi alikuwa mama wa makamo kutoka vijiji vya Buliisa.

"Karibu, mama watoto," alisema, "lakini usitazame masufuria, bado hayajasuguliwa."

"Dada, yangu nyumbani ni meusi kuliko hayo. Kuni mwapata wapi hapa porini?"

"Kuni za hifadhini haziokotwi, ni marufuku. Tunanunua kijijini, na meneja huzihesabu kipande kwa kipande. Basi nimejifunza kuloweka maharage tangu jioni, na jiko hili la udongo halitoi moto nje. Zamani fungu moja liliisha kwa siku moja. Sasa linafika siku ya tatu."

Mke wangu aliporudi Kisenyi aliyafanya hayo ya maharage. Ni jambo dogo, lakini makaa yanayouzwa mitaani kwetu hutoka kwenye miti ya kaskazini, na tangu mwaka 2023 amri ya Rais imezuia biashara ya makaa kutoka sehemu hizo, hivyo gunia si la kuchezea.

Maji machafu ya jikoni na bafuni hupita katika mashimo yenye tabaka za mawe na mchanga, kisha huingia katika kidimbwi kilichopandwa matete. Matete hunywa uchafu. Mabaki ya chakula hufukiwa katika shimo lenye kifuniko kizito, kwa kuwa yakiachwa wazi huwaita nyani, ngiri na fisi, na mnyama aliyezoea jalala la mtu mwisho wake ni risasi. Maji ya kunywa huchemshwa na kuwekwa katika mitungi ya udongo, na mgeni hupewa chupa ya kioo ajaze mwenyewe. Samaki hununuliwa kwa wavuvi wa Ziwa Albert, na mboga kwa akina mama wa vijijini.

Hilo la vijiji ndilo ningeliweka mbele ya yote. Kati ya mwaka 1907 na 1912 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wote wa sehemu hizi kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Nchi ikabaki tupu, wanyama wakaijaza, na baadaye ikatangazwa kuwa hifadhi, kana kwamba haikupata kuwa na wenyewe. Wajukuu wa waliohamishwa ndio wanaoishi mpakani, na tembo akitoka huenda moja kwa moja kwenye mihogo yao. Sheria yaamuru kwamba asilimia 20 ya ada za langoni irudishwe kwao. Hiyo ni haki. Lakini mshahara wa mpishi, mlinzi na mtunza bustani hufika nyumbani upesi kuliko fungu linalopitia ofisi nyingi, nami nasema hivyo nikiwa mtu wa ofisi. Basi kabla hujalipia chumba, uliza kwa adabu: wafanyakazi ni wa wapi?

Tuongeze na hili, kwa kuwa aendaye huko ataliona. Barabara ya lami inayopita katikati ya hifadhi, na daraja la Paraa lililochukua kazi ya kivuko, vimejengwa miaka ya karibuni kwa ajili ya mafuta. Tangu mwaka 2023 visima vinachimbwa katika mradi wa Tilenga, vingine vikiwa ndani ya hifadhi upande wa magharibi, na bomba la kilometa 1,443 linakusudiwa kuyapeleka mafuta hayo hadi Tanga. Nchi inayatumaini. Mto uko jirani sana. Mwenye macho atatazama vyote viwili.

Kwa mwenye mshahara wa mwezi

Sasa gharama. Vyumba vya hoteli kubwa havimfai konstebo wala koplo, na ningekuwa mwongo kusema vinginevyo. Lakini ziko kambi za mabanda ya bei nafuu hapo Paraa, na viko viwanja vya mahema vya Mamlaka, kimoja kikiwa juu kabisa ya maporomoko. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ya langoni kwa shilingi, nayo ni ndogo sana ukiilinganisha na ya mgeni. Ada hiyo huhesabiwa kwa saa 24. Kwa hiyo ukiingia saa nane za mchana, unayo nafasi hadi saa nane ya kesho yake. Usiingie alfajiri halafu ukashangaa kudaiwa mara ya pili.

Basi hukufikisha Masindi tu. Kuanzia hapo hakuna gari la abiria la kukupeleka mtoni. Familia tatu au nne zikikodi gari moja, uzito hugawanyika. Askari wanao ushirika wao wa akiba wa Wazalendo, na polisi wanao Exodus. Naona watu wakikopa humo kwa ajili ya kiwanja, ng'ombe na karo, mambo ya lazima. Sishauri mtu akope ili astarehe. Lakini akiba ndogo ya kila mwezi, iliyotengwa tangu Januari, yaweza kumpeleka mama na watoto huko Desemba, wakati wa kiangazi ambapo njia ni kavu.

Chakula cha njiani kifungeni nyumbani. Mihogo ya kukaanga, mayai na njugu huvumilia joto. Msibebe katika mifuko ya plastiki; kikapu ndicho chombo. Kusini mwa mto kuna mbung'o wengi wapendao rangi ya bluu na nyeusi, basi wavisheni watoto nguo nyeupe au za kaki, na chandarua kisisahauliwe. Mtoto asikaribie ukingo hata kuosha mikono, kwani mamba wa hapo ni wakubwa kama mitumbwi, na wengine hawaonekani. Ndugu zetu askari nao wakumbuke kwamba sheria hairuhusu silaha kuingizwa hifadhini bila idhini, hata ya mtu aliye likizoni.

Usiku kiboko hutoka majini kula nyasi, na hupita katikati ya mabanda. Mlinzi wetu alikuwa mstaafu wa jeshi, nasi sote tulimwita Afande. Alipotufikisha mlangoni usiku wa kwanza alisema, "Mwalimu, mkitaka kutoka, piga tochi mara tatu, nitakuja. Usijitokeze mwenyewe. Kiboko hajui nani ni afisa."

Binti yetu mdogo alimwuliza, "Babu, wewe humwogopi?"

"Namwogopa sana, mjukuu wangu. Ndiyo maana bado niko hai."

Asubuhi tulipanda mashua ya injini hapo Paraa. Safari ya kwenda chini ya maporomoko na kurudi huchukua saa tatu, na kwenda ndiko kunakokawia kwa kuwa mashua hushindana na mkondo. Tuliwaona tembo wakinywa maji, na ndege waliochimba vishimo kwenye ukingo wa udongo kama madirisha ya ghorofa. Kadiri tulivyopanda, mapovu yalizidi kupita ubavuni, makubwa kama mito ya kulalia, watoto wakayahesabu hadi wakachoka. Sauti ilisikika kabla hatujaona lolote. Kisha mto ukapinda.

Nahodha alizuia mashua kwenye mwamba mdogo katikati ya maji, mbali kidogo, akasema kwamba hapo ndipo mwisho wa uwezo wa injini yake. Wenye nguvu za miguu huweza kushuka hapo na kupanda hadi juu pamoja na askari wa hifadhi, mwendo wa saa moja kwa njia ya mawe. Tulipanda sote, mdogo akiwa mgongoni kwangu. Juu, mahali mto unapoingia katika ule ufa, ardhi hutetemeka chini ya nyayo na manyunyu humlowesha kila mtu, hata aliyesimama mbali. Mchukulieni kila mtoto nguo ya pili, na nyaraka na simu mzifunge katika kitu kisichopitisha maji kabla hamjaanza kupanda.